Uhakiki wa Istilahi: "Kimelea" na Samaki Mbichi

Neno "kimelea" limeundwa vizuri. Asili yake ni kitenzi "mea" katika kauli ya kutendea: kimelea ni kile kinachomelea kiumbe kingine na kuishi kwa jasho lake. Kasoro haimo katika neno bali katika matumizi. Matangazo ya afya husema "vimelea vya malaria", na papo hapo "vimelea vya kipindupindu". Cha kwanza ni kimelea hasa. Cha pili ni bakteria, awezaye kuishi majini bila kummelea mtu.

Huenda msomaji akadhani twabishania maneno matupu. Basi na tumtazame samaki aliwaye mbichi. Katika samaki wengi wa baharini humo mnyoo aitwaye Anisakis. Mtu akimmeza hai, huweza kujichimbia katika ukuta wa tumbo. Kwa sababu hiyo kanuni za Umoja wa Ulaya hutaka samaki huyo agandishwe kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa saa zisizopungua 24. Tangu mwaka 2011 zimemsamehe, kwa masharti, samaki wa kufugwa aliyelelewa tangu kiinitete kwa chakula kisichoweza kuwa na vimelea hai.

Sasa tutafsiri: "Kugandisha huua vimelea, samaki huyu wa kufugwa hana vimelea." Mtaalamu ataafiki. Lakini mpishi aliyezoea kusikia "vimelea vya kipindupindu" atafahamu kwamba kila kiini cha maradhi kimekwisha. Sivyo. Ubaridi unaomwua mnyoo huwaacha bakteria wengi wakiwa hai, wakangoja samaki ayeyuke. Naye Listeria, aliyepata kuonekana katika samoni wa kufugwa aliyetiwa moshi, huongezeka hata ndani ya jokofu.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) "Kimelea" kibaki kwa minyoo, chawa wa samaki, vijidudu vya malaria na jamii zao.

(b) Bakteria na virusi watajwe kwa majina yao.

(c) Panapohitajika neno la jumla, litumike "kiini cha maradhi".

(d) "Kugandisha" kutenganishwe na "kupoza". Samaki aliyefunikwa vipande vya barafu mnadani amepozwa, hakugandishwa.

Istilahi ikibeba dhana mbili, mwenye kuumia si mwanaisimu bali mlaji. Twawaomba wafasiri wa vitabu vya afya na uvuvi waupime uhakiki huu, nasi tutapokea hoja za kuupinga.