Uhuru Park Husomwa kwa Miguu

Sisi watu wa Nairobi tuna njia mbili za kuizungumzia Uhuru Park. Ya kwanza ni ya picha: ziwa dogo, mashua, nyasi, maghorofa ya CBD nyuma yako, na mpiga picha akikuambia geuka kidogo hivi. Ya pili ni ya siasa: katiba iliyozinduliwa pale Agosti 27, 2010, kiapo cha Raila cha Januari 30, 2018, na mikutano mingine mingi. Zote ni za kweli, lakini zote zinakuacha umesimama mahali pamoja. Mimi nataka kuihakiki bustani hii vile ninavyohakiki kitabu, na kitabu hiki husomwa kwa kutembea. Kitu gani kimewekwa wapi, na kinatazamana na nini, hiyo ndiyo hadithi. Na kuna ukurasa mmoja uliorukwa.

Anzia Central Park, ng'ambo ya Kenyatta Avenue. Pale kuna mnara wa Nyayo uliojengwa 1988, Moi akitimiza miaka 10 madarakani. Inua macho: mkono ulioshika rungu unachomoza kwenye kilele cha Mlima Kenya. Mlima ambao jamii zinazouzunguka zimeuheshimu tangu jadi kama makao ya Mungu, hapa umegeuzwa kiganja cha mtu mmoja. Kama sanaa, mnara huu hauna siri. Hauulizi swali, unakuambia tu nani mkubwa. Unaweza kukaa chini yake, ule njugu zako zikaisha, na usikose chochote, kwa sababu ulimaliza kusema siku ile ile ulipozinduliwa.

Sasa vuka barabara uingie Uhuru Park yenyewe, ambayo Mzee Kenyatta aliifungulia umma Mei 1969. Karibu na Freedom Corner utakuta kumbukumbu ya Mau Mau iliyozinduliwa Septemba 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso upande wake, ili akikamatwa na kuteswa asiwe na sura ya kumtaja mwenzake. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora zaidi katika matembezi haya yote. Imeelewa kwamba vita vya msituni havikuwa bunduki peke yake. Vilikuwa pia chakula, na ujasiri wa kutojua. Izunguke polepole. Ukipiga selfie moja na kwenda zako, umesoma jalada tu.

Shida yangu ni bili. Kumbukumbu hiyo ililipiwa na serikali ya Uingereza, kufuatia makubaliano ya 2013 yaliyowahusu wazee 5,228 walioteswa wakati wa ukoloni. Siku ile Uingereza ilisema inajutia mateso hayo, lakini ikaendelea kukataa kubeba dhamana ya kisheria. Kwa hivyo sanamu inasema ukweli kuliko makubaliano yaliyoizaa. Hata hivyo naitetea. Angalau mateso ya mkoloni yana mahali. Unaweza kumshika mtoto mkono, umwonyeshe, umwambie: hawa walikataa kutajana.

Ukitoka hapo, angalia ng'ambo ya Uhuru Highway. Lile jengo refu ni Nyayo House. Wengi wetu tunalijua kwa foleni ya pasipoti. Lakini chini yake, miaka ya 80 hadi mwanzoni mwa 90, kulikuwa na vyumba ambamo Wakenya walifungiwa gizani na kumwagiwa maji, na waliowatesa walikuwa Wakenya wenzao. Hakuna mzungu wa kutumiwa bili.

Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Monica Wamwere, mamake Koigi, walikuja kuketi kwenye pembe hii ya bustani, wakagoma kula. Walidai watoto wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakaja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila mtoto aliyelelewa na mama anaielewa. Hawakurudi nyumbani. Walihamia All Saints Cathedral pale jirani, wakakaa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993.

Huo ndio ukurasa ninaousema. Kwenye matembezi haya, aliyeshika rungu ana mnara. Walioteswa na mkoloni wana sanamu. Waliopigwa na rungu lenyewe wana jina tu: Freedom Corner, jina ambalo halikutoka kwa wizara wala kamati yoyote.

Kuna atakayeniambia jina linatosha, kwamba sanamu huota kutu na jina hubaki mdomoni. Poa, lakini jina hubaki mdomoni mwa anayejua. Hata kuwepo kwa nyasi hizi kuna hadithi. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hii. Maathai akaandika barua baada ya barua. Moi akamwambia hadharani awaheshimu wanaume na anyamaze. Hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Ziwa unalopiga picha nalo ni matokeo ya mwanamke kukataa kunyamaza, lakini ziwa haliwezi kukuambia hivyo.

Hili si jambo la makumbusho. Julai 7, 2024, vijana walijaa Uhuru Park kwenye tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya Juni. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1992. Walienda pale pale kulilia watu wao, na wengine wakatekwa miezi iliyofuata. Bustani inayokumbuka mateso ya mgeni pekee inamfundisha kijana kwamba mateso ya mwenyeji ni habari ya jana, itapita.

Siombi sanamu nyingine ya shaba yenye kibao cha jina la waziri. Naomba njia ya miguu: kutoka Freedom Corner, kuvuka Uhuru Highway, hadi mlango wa Nyayo House, na maneno machache ardhini yanayosema nani aliketi wapi na kwa nini. Ni mwendo wa dakika chache. Kabla haijajengwa, ukienda kuchukua pasipoti, toka foleni ikiisha, uvuke, uutembee kwa kurudi nyuma.