Volvo FH: Lori lililojengwa kwa ajili ya mteremko

Kila dereva wa masafa marefu anajua kwamba mlima wa kupanda unachosha injini, lakini mlima wa kushuka ndio unaoua watu. Hata hivyo, lori linaposifiwa, sifa huanzia kwenye nguvu za farasi na kuishia kwenye uzuri wa kabini. Volvo FH limesifiwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mimi naona ubora wake uko kwingine. Mwaka 1993 wahandisi wa Göteborg, Sweden, walitengeneza injini inayopokea amri kwa umeme, na juu ya injini hiyo wakajenga, hatua kwa hatua, lori linalojua kushuka.

Kuanza upya

Kabla ya FH, Volvo ilitegemea F10 na F12 zilizotoka mwaka 1977. Zilikuwa imara, lakini uso wake ulikuwa bapa kama ukuta, na kila kilomita ya barabara kuu wamiliki walilipia upepo kwa dizeli. Kazi ya kuunda lori jipya ilichukua takriban miaka saba. Kabini ilibaki juu ya injini, kwa sababu sheria za Ulaya wakati huo zilipima urefu wa kichwa na tela kwa pamoja, kikomo kikiwa mita 16.5. Boneti ndefu ingekula nafasi ya mzigo. Kilichobadilika ni umbo: kioo kililazwa kidogo, kona zikaviringwa, na kabini ikapimwa kwenye handaki la upepo.

Toleo moja, FH16, lilipewa injini ya lita 16 ya farasi 470 au 520, ya muundo wa zamani ulioboreshwa. Mapinduzi yalikuwa ndani ya toleo la pili, FH12. Injini yake, D12A, ilikuwa ya lita 12.1, silinda sita kwenye mstari mmoja, kwa viwango vya farasi 340, 380 na 420.

Katika injini nyingi za wakati ule kamshafti ilikaa chini, ikifungua vali kwa fito ndefu, na pampu moja ya pembeni ilipeleka dizeli kwenye silinda zote kupitia mabomba membamba. D12A iliweka kamshafti juu kabisa ya injini, ikatumia vali nne kwa kila silinda, na kila silinda ikapata pampu na nozeli yake vikiwa kifaa kimoja. Shinikizo la dizeli likawa linazalishwa palepale panapohitajika. Muda na kiasi cha kupuliza vikaamuliwa na kompyuta. Mafuta yakaungua vizuri zaidi, na injini ikaacha kuwa mtumwa wa pedeli peke yake: kifaa kingine chochote chenye waya kingeweza kuiomba iongeze mizunguko, ipunguze, au ikate dizeli.

Breki iliyomo ndani ya injini

Tupige hesabu kidogo. Lori la jumla ya tani 40 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa, mvutano wa dunia unaliingizia karibu kilowati 390. Ukiondoa msuguano wa matairi na upepo, zinabaki kilowati zaidi ya 300 ambazo ni lazima ziende mahali fulani, la sivyo mwendo unaongezeka. Ukizipeleka zote kwenye breki za magurudumu kwa kilomita kadhaa, breki zinachemka, zinapoteza nguvu, na dereva anakanyaga pedeli isiyojibu.

Jibu la Volvo liliitwa VEB, na kamshafti ya juu ndiyo iliyolirahisisha. Dereva anapoachia mafuta huku breki hiyo ikiwa imewashwa, dizeli inakatwa na shinikizo la oili kwenye shafti ya roka linapandishwa. Ndani ya roka ya vali za ekzosi kuna kipistoni kidogo. Oili inakisukuma, na ule mwanya wa kawaida kati ya roka na vali unazibika. Kwenye kamshafti kuna vinundu viwili vidogo vya ziada ambavyo siku zote vinapita bila kufanya kitu kwa sababu ya mwanya huo. Sasa vinaanza kazi.

Kinundu cha kwanza kinafungua vali kidogo mwishoni mwa hatua ya kuvuta hewa, ili hewa iliyozuiwa kwenye ekzosi irudi kuijaza silinda. Pistoni inapanda ikiibana, na nguvu ya kubana inatoka kwenye magurudumu. Pistoni inapokaribia kileleni, kinundu cha pili kinafungua vali na hewa inatoka kabla haijapata nafasi ya kuisukuma pistoni irudi chini. Injini imegeuka kompresa inayoendeshwa na uzito wa mzigo wenyewe.

Katika D13, injini iliyorithi nafasi ya D12 mwaka 2005, toleo la VEB+ linafikia kilowati 375 kwa mizunguko 2,300 kwa dakika. D13 ya farasi 460 inavuta kwa kilowati 338. Maana yake injini hiyo inaweza kuzuia kwa nguvu kubwa kuliko ile inayovutia. Lakini sharti lipo: gia iwe imeingia, na mizunguko iwe juu.

Gia inayozungumza na injini

Kutimiza sharti hilo ni kazi ya I-Shift, giaboksi iliyokuja mwaka 2001. Ina gia 12 za mbele: giaboksi kuu ya gia tatu, spliti inayozigawa mara mbili, na renji inayozizidisha mara mbili tena. Gia kuu hazina sinkronaiza. Kompyuta ndiyo inayolinganisha mizunguko: ikipandisha gia, breki ndogo ya giaboksi inapunguza kasi ya shafti, ikishusha, injini inaambiwa iongeze mizunguko. Hakuna pedeli ya klachi. Kwenye mteremko, giaboksi inashuka gia yenyewe ili VEB ipate mizunguko inayoihitaji. Kazi iliyotaka mkono wa dereva mzoefu sasa inafanyika vilevile saa tisa usiku, dereva akiwa amechoka.

Kizazi cha mwaka 2012 kikaja na I-See, mfumo unaokumbuka milima ambayo lori limekwisha kuipita. Unaongeza mwendo kabla ya kupanda, unaepuka kubadili gia karibu na kilele, na unaliacha lori liserereke kidogo kabla ya mteremko. Volvo inasema unaweza kuokoa hadi asilimia 5 ya mafuta. Kuserereka huko kunafanyika pale tu kompyuta inapoona ni salama, na breki ya injini iko tayari muda wote.

Mwaka 2022 Volvo ilianza kutengeneza kwa wingi FH ya umeme, yenye hadi kilowati 490 na inayobeba hadi jumla ya tani 44. Dizeli imeondoka, I-Shift imebaki. Likishuka mlima, mota zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Nishati iliyokuwa ikitupwa kama joto sasa inawekwa akiba.

Na huku kwetu

FH nyingi kwenye barabara zetu zimekuja kama mitumba kutoka Ulaya. Zinashuka Kitonga mkoani Iringa, na zinapita Salgaa, kati ya Nakuru na Eldoret, mahali palipopotea roho nyingi kwa miaka mingi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara kuhusu ajali za Salgaa ni madereva kutoa gia na kuteremka kwa nyutro ili kubana mafuta. Hesabu ya juu inaonyesha ubaya wake: kwenye nyutro, kilowati 375 za VEB+ zinakuwa sifuri. Tena akiba yenyewe haipo, kwa sababu injini hii ikishuka ndani ya gia haitumii dizeli, wakati kwenye nyutro inahitaji dizeli ili isizime.

Injini hii inayopokea amri kwa umeme ina gharama yake. Fundi anahitaji kompyuta ya kusoma hitilafu, nyaya zinataka heshima, na nozeli za shinikizo kubwa hazivumilii dizeli yenye maji au uchafu. Mmiliki anayekwepa gharama hizo asinunue lori la namna hii.

Kwa wanaonunua, nina ombi moja. Kabla ya kutoa fedha, lipeleke lori kwenye mteremko likiwa na mzigo, washa breki ya injini, acha pedeli zote, na tazama kama sindano ya mizunguko inapanda na mwendo unashikika. Usiposhikika, litengenezwe kwanza. Na anayekabidhiwa funguo afundishwe kuitumia breki hiyo kabla hajapewa mzigo wa kwanza.