Ramani Iliyojua Maji Yataenda Wapi

Tukipewa ramani ya zamani ya Eastlando, wengi wetu hutafuta kitu kimoja tu: base yetu. Hatuipati. Shiti ya 148/4, ile ya Nairobi ya kipimo cha 1:50,000, matoleo yake ya kabla ya miaka ya 1970 hayana Buru, hayana Umo, hayana Dandora. Basi tunasema, "Kumbe huku kulikuwa hakuna kitu." Hapo ndipo ninapokataa.

Isome polepole. Magharibi mistari ya kontua imebanana: vilima, hewa baridi, udongo mwekundu. Ukivuka tao kuja mashariki, mistari inaachana, ardhi inalala. Mto Nairobi, Mathare na Ngong yote inateremkia huku, kwenye ule udongo mweusi unaoganda kwa viatu na kukataa kunywa maji.

Mkoloni aliiona tambarare hii akawapangia Waafrika: Pumwani miaka ya 1920, Kaloleni miaka ya 1940. Uhuru ulikuja, mpango ukabaki uleule. Katikati ya miaka ya 1970 Dandora ilianza kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na machimbo ya mawe jirani yakageuzwa jaa la taka za jiji zima.

Ramani nayo ina unafiki wake. Inapima kila mwinuko lakini inanyamaza kuhusu wachungaji wa Kimaasai, ambao lugha yao ndiyo iliyolipa jiji jina, kwa sababu ya maji yake baridi. Shamba la mlowezi halikusahaulika: Donholm lilikuwa shamba kabla ya kuwa steji, na hadi leo tunamwambia konda atushushe hapo. Kwa hivyo ule "utupu" ni kazi ya mchoraji.

Hii si historia ya kupamba ukuta. Mwaka 2024 mafuriko yalisomba watu Mathare, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Matingatinga yakafuata. Lawama yote ikamwangukia mwenye mabati, kana kwamba yeye ndiye aliyeusogelea mto akiwa na pahali pengine pa kwenda. Mstari wa buluu ulikuwa mezani kwa wapangaji wa mji miaka yote hiyo. Waliuona. Nao pia waulizwe.