Wild Wadi au Aquaventure: Kupima Bustani ya Maji Yenye Kisa

Familia nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zinazokwenda Dubai msimu wa likizo huwa na ratiba iliyojaa hata kabla ya kupanda ndege. Siku ya kuzunguka Deira kununua nguo na vyombo imepangwa, siku ya kumtembelea shangazi anayeishi Sharjah imepangwa, na Burj Khalifa nayo ina siku yake. Ya watoto ndiyo huachwa wazi, na usiku mmoja hotelini swali linaibuka: kesho twende Wild Wadi au Aquaventure? Tiketi za zote mbili zinauma mfuko, na siku iliyobaki ni moja.

Wengi huamua kwa kuhesabu mitelezo. Kwa hesabu hiyo Aquaventure itashinda daima, kwa kuwa tangu ilipopanuliwa mwaka 2021 inajitangaza kuwa na mitelezo na vivutio zaidi ya 100, na Wild Wadi haiifikii hata nusu. Lakini mtoto hatelezi mara 100 kwa siku. Sehemu kubwa ya siku yake atakuwa kwenye foleni, au anatembea bila viatu, au anaelea, au anakula, au anamtafuta mama yake. Ubora wa bustani hizi upimwe hapo, kwenye saa ambazo hakuna anayeteleza.

Kujenga bustani ya maji yenye kisa ni ufundi wenye historia yake. Wet 'n Wild iliyofunguliwa Orlando, Marekani, mwaka 1977 na George Millay ndiyo wengi huihesabu kuwa mama wa bustani za maji za kisasa, na hiyo haikuhitaji hadithi: mitelezo, mabwawa, jua, basi. Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilifungua Typhoon Lagoon katika eneo hilohilo la Orlando. Hapo mgeni alikuta mashua ya kuvulia kamba imekwama juu ya kilele cha mlima, ikidaiwa kurushwa huko na tufani. Kuanzia mlangoni aliyeingia alijua kwa nini kila kitu kimelowa. Watoto wetu waliokulia kwenye bustani za maji za Kunduchi na Nyali wanajua raha ya mtelezo usio na hadithi, na raha hiyo ni ya kweli. Ila ukitozwa pesa ya hadithi, una haki ya kuuliza hadithi yenyewe imejengwa vizuri kiasi gani.

Kipimo cha kwanza ni hiki: je, kisa kinaeleza maji yametoka wapi?

Wild Wadi, iliyofunguliwa mwaka 1999 ubavuni mwa hoteli ya Burj Al Arab, ina jibu la moja kwa moja. Wadi ni bonde la nchi kavu ambalo mwaka mzima huwa kokoto na vumbi, halafu mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla kwa nguvu ya kubeba magari. Aliyewahi kuishi Oman au Ras Al Khaimah anayajua mafuriko hayo na hana mzaha nayo. Bustani imechukua jambo hilo la nchi yake yenyewe na kulitia wahusika: Juha wa ngano za Kiarabu, na rafiki yake Sindbad baharia, waliovunjikiwa na chombo wakajikuta bondeni humo. Watoto wa pwani yetu waliolelewa na hadithi za Abunuwasi hawatahitaji kuelezwa Juha ni mtu wa namna gani. Na kila baada ya muda ngurumo husikika, kisha maporomoko ya maji hushuka kutoka juu ya miamba. Watu husimama kutazama. Mafuriko yenyewe ndiyo yanayosimulia, bila ubao wa maelezo.

Aquaventure ilifunguliwa mwaka 2008 pamoja na hoteli ya Atlantis, kwenye ncha ya kisiwa cha Palm Jumeirah. Kisa chake ni mji uliozama baharini, ule ulioandikwa na Plato zamani za Ugiriki. Hadithi hiyo ilikwishatumika kwenye hoteli ya Atlantis ya Bahamas, na kwenye bustani ya Dubai imewekewa pia mnara wa ngazi kubwa kubwa wa mtindo wa Mesopotamia, pamoja na minara yenye majina ya miungu ya Kigiriki na Kirumi. Mchanganyiko huo haushikani. Ukimuuliza mtoto wa miaka tisa akiwa anatoka pale kisa kilikuwa kipi, atakuambia papa.

Na kwa papa hao, lazima niwape mafundi wa Aquaventure haki yao yote. Mtelezo wao mashuhuri, Leap of Faith, unaanzia juu ya ule mnara wa Mesopotamia, unashuka mita 27 karibu wima, kisha unakupitisha ndani ya bomba linaloonyesha, katikati ya bwawa lenye papa. Kasi ni kubwa mno, wengi hawaoni kitu. Lakini pembeni yake upo mwingine unaopita kwenye maji hayohayo polepole, ukiwa umekaa juu ya boya, na huko samaki wanakupita juu na chini. Kwa muda huo mfupi uko kweli ndani ya mji uliozama. Kisa na mtelezo vimekuwa kitu kimoja. Hicho ndicho kilele cha ufundi huu popote duniani, na Wild Wadi haina kinachokikaribia.

Ukitoka hapo, tazama mawe. Miamba yote ya bustani hizi ni bandia: nondo na wavu wa chuma, zege lililorushwa kwa mpira wa shinikizo, kisha mchongaji akalikimbiza kwa mwiko na brashi kabla halijakauka, na mpakaji rangi akapita tabaka baada ya tabaka. Anayeujua mlango wa Zanzibar hutazama maungio kabla ya nakshi, na hapa ni vivyo hivyo. Shuka kwa macho hadi pale mwamba unapokutana na njia ya kupita watu. Fundi mvivu humalizia ukingo kwa mstari ulionyooka wa saruji, na hapo jiwe hugeuka ukuta. Fundi mwema huuacha mwamba uingie njiani kidogo, aweke ufa, aweke alama ya maji pale ambapo maji yangefika kweli. Angalia pia kama umbo moja la jiwe limejirudia, na kama rangi imechubuka na kuacha weupe wa saruji. Wild Wadi ni ya zamani zaidi, kwa hiyo michubuko utaiona, ila mabonde yake yamepangwa kwa jicho: njia inapinda, hujui mbele kuna nini, mara unatokea kwenye daraja na maji yanapita chini ya miguu yako. Aquaventure ina njia pana zilizonyooka, kama inavyopaswa kuwa mahali panapopokea umati mkubwa. Zinapitisha watu vizuri, lakini hazikupi hamu ya kujua kona inayofuata.

Tazama na kilicho nje ya ukuta. Wajenzi wa Disney hupanda miti na kuinua vilima ili mgeni asiione barabara. Wild Wadi isingeweza kulificha jengo la mita 321 lililo jirani yake, na kwa bahati njema halikuhitaji kufichwa. Burj Al Arab ina umbo la tanga. Ukipanda hadi juu ya Jumeirah Sceirah, mtelezo wa mita 32, unaliona tanga hilo limetuna mbele ya bahari ileile Sindbad alimovunjikiwa na chombo, na kisa kinakamilika bila mtu kusema neno. Kituo hicho cha foleni, pamoja na hofu iliyopo pale, ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika bustani zote mbili.

Mitelezo yenyewe ijue kwa mgongo wako. Imeundwa kwa vipande vya faibaglasi vilivyofungwa kwa bolti, na kila kiungo kikiwekwa sawasawa, kipande cha juu hukaa usawa mmoja na cha chini au kukizidi kwa unywele, ili mwili ushuke badala ya kugonga ukingo. Ukihisi tak, tak, tak mgongoni, matengenezo yamelegea. Uso uliofifia na kukwaruza ngozi una maana hiyohiyo. Mwisho wa mtelezo nao una siri: bora ni ule unaokupunguza mwendo taratibu kwenye mfereji mrefu wa maji ya kina kifupi, kuliko unaokutupa bwawani ukanywa maji kwa pua.

Sifa kubwa ya Wild Wadi katika jambo hili ni mitelezo inayopanda. Pampu hurusha maji kwa nguvu chini ya boya na kulisukuma kupanda kilima, teknolojia iliyotokea Texas miaka ya 1990. Kwa kuwa mitelezo hiyo imeunganishwa, mtu anaweza kukaa kwenye boya lake na kupelekwa kutoka mteremko hadi mto, kutoka mto hadi kilima kingine, bila kubeba kitu wala kupanda ngazi. Kwa baba mwenye goti bovu hiyo ni rehema. Aquaventure inamjibu kwa mto wake mrefu, unaozunguka sehemu kubwa ya bustani, na ambao mahali pengine hugeuka maji makali yenye mawimbi ya kukusukuma. Mto huo peke yake unaweza kumaliza alasiri nzima, na vijana wa miaka 14 hawatautoka.

Maji yapime kwa pua. Wengi wakisikia harufu kali ya klorini husema hapa pasafi, kumbe ni kinyume. Harufu ile hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Bwawa linalochujwa vizuri halinuki hivyo, na chini yake unaona kila kigae. Bustani zote mbili hupoza maji wakati wa joto na kuyapasha wakati wa baridi, jambo la lazima katika mji ambao Julai hupita nyuzi 40. Hata hivyo, njia hazipozwi. Kagua kivuli na kama sakafu inamwagiwa maji, kwa sababu mtoto akiungua nyayo saa nne asubuhi, siku imekwisha.

Kisha simama dakika chache uwaangalie waokoaji, tena kabla hujamwachia mtoto maji. Mwokoaji aliyefundishwa vyema hatulii macho: kichwa chake kinakwenda kushoto na kulia, anatazama hadi sakafu ya bwawa, na kila baada ya muda mwenzake anakuja kumpokea zamu, naye haondoi macho majini hadi mwenzake ameshika nafasi. Kipimo kinachotumiwa sana katika kazi hii ni sekunde 10 za kukagua eneo lake lote na sekunde 20 za kumfikia mwenye shida. Ukiona wawili wanapiga soga migongo yao ikiwa majini, ondoka kwenye bwawa hilo, hata kama mandhari yake yanapendeza namna gani.

Kina mama wa pwani huniuliza kuhusu mavazi. Vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima na kichwa linakubalika kote kuwili, mradi liwe la kitambaa cha kuogelea. Pamba, kanga na dera havitakiwi majini, kwa kuwa hunywa maji, hulemea, na vinaweza kunasa.

Sasa uchaguzi. Pima watoto ukutani nyumbani kabla ya kusafiri. Mitelezo mingi mikubwa ya Wild Wadi hudai kimo cha sentimita 110 hivi, na mingi ya Aquaventure 120, kwa hiyo thibitisha masharti ya siku hiyo unaponunua tiketi. Mtoto wa sentimita 114 anayesimama Aquaventure akiwatazama kaka zake wakipanda mnara bila yeye ana huzuni ambayo aiskrimu haiiondoi. Kama hoteli uliyolala inakupa kiingilio cha bure cha mojawapo, kama zifanyavyo Atlantis kwa Aquaventure na Burj Al Arab kwa Wild Wadi, suala la pesa limejibika lenyewe.

Familia yenye vijana wakubwa watupu, wenye miguu na ujasiri, iende Aquaventure, ifike mlango ukifunguliwa, ianze na mnara wa papa kabla foleni haijakua, halafu iingie mtoni. Ila kama mmekuja na bibi, mtoto wa miaka sita na kijana wa kumi na tatu, nawapeleka Wild Wadi bila kusita. Ni ndogo, na udogo huo ndio unaoifaa familia ya vizazi vitatu. Bibi akikaa kivulini karibu na eneo la watoto, lenye jahazi la Juha na maji yasiyopita magoti, wajukuu hawawi mbali naye hata mara moja. Kijana atapata Sceirah yake, baba atapandishwa vilima akiwa amekaa, na ngurumo zikianza wote watageuka upande mmoja. Nendeni kati ya Novemba na Machi, siku ya katikati ya wiki, na mkifika ulizeni kwanza kabisa mitelezo ipi imefungwa kwa matengenezo kabla kadi ya benki haijatoka mfukoni.