Jiwe la Barabarani Halipungui

Tazama lori la waya linalosukumwa na mtoto wa Mutakura, Bujumbura, na jambo la kwanza litakalokukera ni magurudumu. Ni makubwa mno. Lori la kweli la mita 8 lina tairi za karibu mita 1. La mtoto lina sentimita 40, yaani limepunguzwa mara 20, kwa hiyo gurudumu lingepaswa kuwa la sentimita 5. Yeye amechukua kandambili iliyochakaa akakata duara la sentimita 8. Mpenzi wa modeli wa Ulaya angetikisa kichwa. Lakini kokoto la sentimita 3 kichochoroni halikupungua pamoja na lori. Kwa kigari kile, hilo ni jabali la sentimita 60, na gurudumu la sentimita 5 lingekwama papo hapo. Mtoto alianza kwa kuipima njia.

Skeli ni namba moja tu inayosema kitu kimepunguzwa mara ngapi. Shida ni kwamba mengi hayaitii namba hiyo: mawe, vidole vya fundi, unene wa bati, uzito, maji, hata muda. Ndiyo maana mimi humpima fundi wa modeli kwa mahali anapoivunja namba yake, na sababu ya kuivunja.

Usukani wa lori lile nao ni uvunjaji wa aina hiyo. Waya mrefu unafungwa kwenye ekseli ya mbele, unapita ndani ya kichwa cha lori, unapanda hadi usawa wa kifua cha mtoto, na ncha yake inakunjwa duara. Akizungusha duara, ekseli nzima inageuka juu ya egemeo moja la katikati. Lori la kweli haligeuki hivyo. Kila gurudumu la mbele lina egemeo lake, kwa kuwa gurudumu la ndani ya kona hukata zaidi kuliko la nje. Ila egemeo moja linatengenezeka kwa waya na koleo tu, na kwa mwendo wa mtu anayetembea halina hasara yoyote. Kilichopotea ni sura. Kazi imebaki.

Wenye treni za mezani hufanya kinyume: hulinda sura, wakaidanganya kazi. Skeli inayopendwa zaidi duniani, H0, ni 1:87, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Zidisha, unapata milimita 1,435, upana wa reli ya kisasa ambayo jiwe lake la msingi kutoka Uvinza, Tanzania, kuja Musongati, Burundi, liliwekwa Agosti 2025. Waingereza waliona injini zao za kweli ni ndogo mno, mota haikuenea ndani ya bodi ya 1:87. Wakakuza bodi hadi 1:76, reli wakaiacha ilivyo. Matokeo yake treni zao za mezani hadi leo zinatembea juu ya reli nyembamba kupita kiasi, na wengi wao wamezoea hata hawaoni.

Treni iliyo karibu nasi ni ya Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, kilomita 1,250 na ushei. Kwa 1:87 hizo ni kilomita 14 na kidogo: ungetandika reli kutoka hapa Mutakura hadi pande za Gatumba. Kwa hiyo umbali ndio uongo wa kwanza; fundi hujenga stesheni mbili, akaificha safari nyuma ya mlima wa karatasi. Kisha upana: reli ile ni ya mita moja, ambayo kwa 1:87 ni milimita 11.5. Reli zinazouzwa ni za milimita 12. Kosa la nusu milimita hakuna jicho litakaloliona.

Kona ndizo mtihani. Kona ya kweli ya mita 200 kutoka kitovuni ingehitaji mita 2.3, na chumba cha nani kina nafasi hiyo? Mafundi hukunja kwa sentimita 40, halafu injini ndefu inatoka relini. Kwa injini za mvuke za Garratt, kama zile 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester kwa njia ya Mombasa na Nairobi, dawa imo kwenye ubunifu wenyewe. Boila imening'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu, kila seti ikigeuka peke yake. Uzito ndio unaoshangaza. Garratt ile ilikuwa na tani 252, lakini uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu, ukabaki gramu 380 na ushei. Magurudumu yanaweza kuteleza bila kuvuta kitu, ndipo fundi anajaza madini ya risasi tumboni mwa injini. Mwendo nao: kilomita 60 kwa saa huwa sentimita 19 tu kwa sekunde. Karibu kila mgeni akikabidhiwa kitufe huiendesha treni kasi ya ndege.

Mpenzi wa hapa kwetu huenda atatamani meli, na Liemba ya Ziwa Tanganyika ndiyo inayofahamika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikafika Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 2015 iliwabeba Warundi waliokimbilia Kagunga, Tanzania. Ina mita 71. Kwa 1:100 ni sentimita 71, saizi nzuri kabisa. Usiiweke majini tu. Meli inayoyumba kwa sekunde 8 ziwani, modeli yake huyumba kwa sekunde 0.8, na inaonekana kama kizibo. Wapiga filamu hurekodi kwa kasi kubwa, kisha huonyesha polepole.

Nije kwenye vifaa, maana duka la reli za mezani Bujumbura hulipati. Tulichonacho ni kopo la nyanya. Bati lake lina unene wa karibu milimita 0.2. Kwa 1:87 hiyo ni sawa na bati la milimita 17, na ukingo wa mlango wa behewa utaonekana kama ukuta wa boma. Kwa 1:45 inashuka hadi milimita 9, na jicho linakubali. Reli ya mita moja kwa skeli hiyo ni milimita 22, upana unaoweza kuukunja kwa mkono na kuulehemu bila miwani ya sonara. Garratt ingefika sentimita 70, kwa hiyo iache. Anza na behewa moja la mizigo.

Kwa hukumu yangu, 1:45 ndiyo skeli ya Mutakura. Kata makopo matatu, nyoosha bati kwa chupa, piga mistari kwa msumari kabla ya kukunja, na vaa glavu, kwani ukingo wa kopo unakata kuliko wembe.