Bandia, Mnemba, Unde: Uhakiki wa Majina Matatu

Kitu kimoja kimeingia katika Kiswahili kwa majina matatu, na hadi leo hakuna jina lililoyafukuza mengine. Akili bandia, akili mnemba, akili unde: yote yanapokezana magazetini, redioni na katika hotuba, pengine ndani ya ukurasa mmoja. Wanaisimu huliona jambo hili kuwa la usanifishaji, nalo litakwisha siku wataalamu watakapokubaliana. Msomaji wa mashairi hana sababu ya kusubiri. Jina ni tungo fupi kuliko zote, na hukumu ya umma juu ya kitu kigeni hutangulia kuonekana katika jina kabla haijaonekana katika sheria. Reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa na jina lake la kiofisi, TAZARA, lakini watu waliiita Reli ya Uhuru, na ndani ya jina hilo palikuwa na rai nzima: imejengwa kwa ajili ya nani, na ili kumkimbia nani.

Tuanze na bandia. Neno hili lina tabu moja: linatumikia mabwana wawili. Noti bandia ni wizi, dawa bandia ni mauti, lakini meno bandia hutafuna nyama bila kumdhulumu mtu, na mtoto wa bandia hulala kifuani pa msichana bila kumdanganya kwamba ana pumzi. Anayesema akili bandia amekwisha kutoa shutuma kabla ya ushahidi. Pengine shutuma ni ya haki. Lakini kwa kuwa neno lenyewe linatosheleza hasira, msemaji haoni haja ya kuendelea na kusema alichodhulumiwa. Ndiyo maana tungo nyingi zenye neno hili huishia katika ubeti wa pili, hata pale zinapoendelea hadi wa kumi.

Mnemba ni jina la heshima zaidi, na waliolipendekeza wana hoja zao. Hata hivyo, kwa msomaji wa Unguja, Mnemba ni kisiwa. Kipo mbele ya Matemwe, kimezungukwa na mwamba na maji ya rangi zote za buluu. Huonekana vizuri kutoka ufukweni, na wanaolala humo ni wageni wa hoteli. Kwa hiyo neno lililoteuliwa kwa nia nyingine kabisa limeangukia, visiwani humu, juu ya maana isiyotarajiwa: kitu kilicho karibu na macho na mbali na miguu. Sadfa hii haimo katika kamusi, lakini mshairi asiyeisikia ana masikio mazito.

Jina hilo lina jambo jingine la kupendeza. Mwenye kuhesabu mizani atapata mizani sita katika akili mnemba: a-ki-li-m-ne-mba. Herufi m inatokea mara mbili katika neno mnemba. Mara ya kwanza inasimama peke yake na kudai mizani yake, mara ya pili inajificha ndani ya silabi na haidai chochote. Mtoto wa chuoni aliyezoea kughani hajifunzi kanuni hii, huisikia ulimini. Mashine zinazoitwa kwa jina hili hazina ulimi. Zinapasua maandishi katika vipande ambavyo havilingani na silabi za Kiswahili, zikikisia kipande kinachofuata kutokana na vilivyotangulia. Ukiziomba tarbia, mara nyingi huleta mishororo minne yenye vina vinavyofanana, kituo cha kuvutia, na mizani inayoyumba kama mlevi: tisa huku, saba kule. Wapo wanaoshangilia kasoro hii kana kwamba ndiyo ngome ya mshairi. Ngome ya mchanga hiyo. Kuhesabu hadi nane si jambo litakalozishinda milele, na ushairi wa Kiswahili haukuwahi kuwa hesabu peke yake.

Linabaki unde. Neno hili limetoka katika kuunda, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa kuunda ni nini: jahazi huundwa. Chombo kilichoundwa kina fundi aliyekiunda, tajiri aliyetoa fedha, nahodha anayekiendesha na mabaharia wanaochota maji ngamani. Kikizama, watu hao huulizwa mmoja mmoja. Hakuna anayesema bahari imemeza chombo kisha akaenda kulala. Akili unde, basi, ni jina linalodai mtendaji. Kwa mizani ni tano, a-ki-li-u-nde, na linamwachia mtungaji mizani tatu za kujaza kipande chake cha nane. Mizani hizo tatu zinatosha kabisa kuuliza: ya nani?

Swali hilo lina jibu, na sehemu ya jibu iko karibu. Mnamo Januari 2023, wiki chache baada ya programu ya ChatGPT kutolewa kwa umma, jarida la TIME la Marekani lilieleza kwamba kampuni ya OpenAI ilikuwa imetumia wafanyakazi jijini Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, kusoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna ili mashine ijifunze kuyaepuka. Ujira wao, kwa mujibu wa taarifa hiyo, ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hii walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuanzisha chama chao. Hao ndio mabaharia waliochota maji ngamani. Wanaosifu chombo kwa weupe wa tanga wangefanya vyema kuwataja.

Hapa ndipo tungo za miaka hii zinapostahili kukosolewa. Zile zinazohusu akili hii zimegawanyika pande mbili. Upande mmoja unalia: zimwi linakuja, linameza karani, linameza mwalimu, litammeza malenga. Upande wa pili unasifu: mjuzi asiyechoka, daktari asiyelala, mwalimu asiyedai mshahara. Pande hizi zinadhani zinapingana, kumbe sarufi yao ni moja. Katika kila mshororo mashine ndiyo kiima: inakuja, inachukua, inafuta, inafundisha. Mwajiri hayumo. Aliyeinunua hayumo. Aliyeketi kikaoni akaamua kwamba makarani wanne wabaki wawili, huyo ametoweka kabisa, na malenga ndiye aliyemsaidia kutoweka.

Umma wakati mwingine umekuwa mhakiki bora kuliko washairi wake. Chukua neno kikokotoo. Ni jina la chombo kidogo cha kufanyia hesabu, lakini tangu 2018 kwa mfanyakazi wa Tanzania limekuwa na maana moja tu: kanuni ya mafao ambayo ilitaka mkupuo wa kustaafu ushuke hadi asilimia 25 kwa waliokuwa wakitarajia asilimia 50. Malalamiko yakawa makubwa, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika kwa muda. Hakuna mwalimu wala muuguzi aliyeilaumu mashine ya kuhesabu. Walitumia jina la chombo, lakini kidole chao kilielekea kwa aliyeandika kanuni.

Usikivu wa namna hiyo haukai pwani peke yake, na kwa jambo hili pwani inafaa ijifunze kwa bara. Mtu akifika Tunduma kwa reli ile ya uhuru, kisha akateremka kwenye bonde linaloelekea Ziwa Rukwa, atafika Msangano, kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe. Wilaya hiyo ilianzishwa 2012 na mkoa 2016. Ni nchi ya mpunga na ufuta. Mkulima wa huko ana istilahi yake ya uhakiki, nayo ni lumbesa: gunia lililojazwa kupita kipimo, likashonewa kilemba juu, huku bei ikibaki ya gunia moja. Nchi nzima imepigana na lumbesa kwa miaka, na Wakala wa Vipimo wana kazi ya kukagua mizani za wanunuzi. Mkulima anayesimama mbele ya mizani hauliza kama ina akili. Anauliza ni ya nani, imekaguliwa lini, na kwa nini inasoma pungufu siku ya mnunuzi huyu. Mizani yake na mizani ya mshairi zina jina moja, na hakuna sababu maswali yake yasiingie katika shairi.

Tafsiri nayo ina lumbesa yake. Tangazo la zahanati linalosema kliniki ya watoto ni saa mbili asubuhi likipitishwa katika mashine, linaweza kutoka kwa Kiingereza likiwa na saa mbili kamili ya usiku wa manane wa Kizungu, kwa kuwa mashine imesoma neno mbili na haikujua kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kosa hilo huchekwa, kisha husahihishwa. Lipo la pili lisilochekwa. Kiswahili husema yeye ni daktari, yeye ni muuguzi, na hakijali ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimisha uchaguzi, na mashine huchagua kwa kufuata wingi wa maandishi iliyolishwa: daktari akawa mwanamume, muuguzi akawa mwanamke. Kampuni ya Google ilikiri tabia hii mwaka 2018 na kuanza kutoa tafsiri zote mbili kwa lugha kama Kituruki, ambayo nayo haina jinsia katika kiwakilishi. Maana yake ni kwamba sentensi iliyoondoka bondeni bila ubaguzi hurudi na ubaguzi wa mtu mwingine mgongoni. Mfasiri aliyeketi kwenye meza yake angeweza kuulizwa sababu. Zamani Muyaka bin Haji wa Mombasa akitunga, Zahidi Mngumi wa Lamu alijua ampelekee nani jibu lake. Ubishi wao ulikuwa mkali, lakini kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Katika bonde la Msangano, Kiswahili chenyewe ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Nyumbani husemwa Kinyamwanga, na husemwa lugha ya Wawanda, ambayo maandishi yake ni machache mno kwa mashine inayojifunza kwa kusoma. Kwa kanuni za Kiswahili, lugha ya Wawanda huitwa Kiwanda. Mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba bibi yake anazungumza Kiwanda tangu utotoni, na akaiomba mashine iifasiri sentensi hiyo, ni rahisi sana kwa bibi huyo kujikuta katika Kiingereza akiwa kazini, katikati ya jengo lenye mitambo, akizungumza na wenzake wa zamu.