Karanga na Mbadala Wake: Kupima Kabla ya Kutia Sufuriani

Kisamvu kikishalainika, karanga za kusaga huingia sufuriani kufanya kazi nne kwa mpigo: zinautia mchuzi uzito, zinaleta mafuta, zinaleta ladha yake na zinapoza ukali wa majani. Aliyeishiwa karanga akachukua korosho, ufuta au alizeti kwa kuwa zote ni mbegu za mafuta atapata kazi mbili, pengine tatu. Ile iliyokosekana walaji wataigundua kwa tonge la kwanza. Ndiyo maana mpishi anayejua kubadilisha huanza kwa kujiuliza: leo, katika mboga hii, nahitaji kazi ipi zaidi?

Kabla ya mbadala, ijue karanga yenyewe, kwa sababu karanga mbaya haifai kuwa kipimo cha kitu chochote. Zitazame zikiwa punje. Karanga nzuri ina ngozi iliyobana, rangi yake haina mabaka, na ukiipasua katikati ni nyeupe kama maziwa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu hata kidogo itupwe, na isitupwe kwa kuku. Humo ndimo sumukuvu hukaa. Kuvu wanaoitwa Aspergillus flavus hutengeneza sumu isiyoonekana wala kunusika, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kuvu hao hao huzipenda karanga zilizovunwa zikaanikwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Karanga ikishasagwa, nzima na mbovu zinafanana. Kwa hiyo ukitaka uhakika, nunua punje, mimina kwenye ungo, chambua mwenyewe juani, kisha ndipo upeleke mashineni. Nusu saa hiyo ya kuchambua ina thamani kuliko hatua nyingine yoyote katika kazi nzima.

Mashineni muulize msagaji amesaga nini kabla yako. Mashine iliyotoka kusaga pilipili au iliki itakuachia harufu yake katika kilo nzima. Wasagaji wengi waungwana watakubali kupitisha gao la kwanza la karanga zako kusafisha njia, ukaliweka kando. Na kama karanga zilikaangwa kwa mchanga, kama wauzaji wa barabarani wanavyofanya, zipepete mara mbili. Chembe moja ya mchanga kwenye jino inatosha kuharibu sahani nzima ya wali.

Sasa kipimo chenyewe. Chukua nusu kijiko cha karanga za kusaga, weka kwenye sahani nyeupe, kandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka utandike utando mwembamba. Pale ndipo utaona yote. Rangi inatakiwa iwe ya kahawia nyepesi, sawasawa kila mahali. Vidoadoa vyekundu ni ngozi iliyobaki: kwa mboga si kosa, kwa keki vitaleta uchungu. Vidoadoa vyeusi ni punje zilizoungua, na hizo hazina dawa, maana uchungu wa kuungua unaongezeka mboga inapochemka. Kisha sugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Unatakiwa kuhisi mafuta kwanza, halafu chenga ndogo laini. Nusa. Karanga iliyokaa muda mrefu mafuta yake huharibika, ikanuka kama rangi ya mlango iliyoachwa wazi. Mwisho onja, na usiharakishe kutoa hukumu, kwa sababu karanga ya zamani huanza vizuri ulimini na hujitangaza kooni, kwa kukwaruza.

Mafuta yakielea juu ya chupa, usidhani imeharibika. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na zikisagwa peke yake lazima yapande juu. Zile za dukani ambazo hazitengani kwa kawaida zimetiwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa, mara nyingi na sukari. Kwa mkate wa asubuhi hazina neno. Kwenye kisamvu au mchicha sizikubali. Sukari ikikutana na kitunguu na chumvi hutoa utamu wa ajabu unaokaa juu ya mboga bila kuchanganyika nayo, na ndimu haiuondoi.

Swali jingine ni mbichi au za kukaanga. Mchicha wa karanga wa majumbani mwetu mara nyingi hupikwa kwa karanga mbichi zilizotwangwa kinuni na kuchekechwa, na ladha yake ni laini, yenye umajimaji wa maziwa. Lakini karanga ni jamii ya kunde, na kunde mbichi ina harufu yake. Zichemke taratibu dakika 20 hivi, ukikoroga kwa mwiko unaofika chini kabisa, maana hushika sufuria haraka. Dalili ya kuiva ni mbili: ile harufu ya maharage mabichi imekwisha, na matone madogo ya mafuta yametokeza pembeni mwa sufuria. Za kukaanga tayari zinahitaji nusu ya muda huo, na ladha yake hutawala zaidi. Sombe ya Burundi na Kongo Mashariki, yenye majani yale yale ya muhogo, inaibeba ladha hiyo nzito bila shida kwa sababu majani yenyewe ni mazito. Mchicha mchanga hauwezi.

Na usitie karanga za kusaga moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka, zitafanya madonge. Zilegeze kwanza kwenye bakuli kwa maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja kimoja. Mwanzoni zitakaza badala ya kulegea, na wengi hapo huogopa wakaacha. Endelea. Maji machache huzishikamanisha chembe kavu. Yakiongezeka, mafuta na maji hukubaliana, na ghafla linakuwa rojo jepesi, jeupe kuliko ulivyoanza. Ufuta nao hufanya hivyo hivyo.

Korosho ndiyo mbadala unaosifiwa sana, na sifa hizo zinaistahili pale tu kazi inayotakiwa ni uzito na ulaini. Karibu robo ya uzito wake ni wanga, ambao karanga haina kwa kiasi hicho. Wanga huo hufanya mchuzi ukaze motoni na kuendelea kukaza ukipoa. Kwa hiyo epua mchuzi wa korosho ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani. Hauna rangi wala ukali, ladha yake ni tamu na ya upole, na kwa kuku au samaki unaweza kushika nafasi ya tui zito nazi zikipanda bei. Kwenye kisamvu, korosho peke yake inapwaya: majani yanaimeza. Nikilazimika, naitia pamoja na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, ili ukaangaji ulete kile ambacho korosho haina.

Hapa kuna siri ya wanunuzi wa Mtwara inayostahili kufika jikoni. Korosho nyeupe nzima hupangwa madaraja kwa idadi ya punje katika ratili, yaani gramu 454: W240 ni punje 220 hadi 240, W320 ni 300 hadi 320. Bei inafuata ukubwa na uzima. Kwa kusaga, ukubwa na uzima havina maana yoyote. Nunua vipande, mradi viwe vyeupe na vikavu, na vikivunjwa vitoe mlio. Kipande kinachopinda bila kukatika kimeshavuta unyevu. Vilivyoiva rangi ya manjano iliyokolea vilipitiliza motoni na vitatia mchuzi weusi. Viloweke kwenye maji ya moto saa moja au mbili, mwaga maji, saga kwa blenda na maji mapya mpaka ukisugua kidoleni usihisi chenga. Hapo msagaji hana haraka: blenda ya kawaida inataka dakika kadhaa, na kuipumzisha katikati.

Ufuta ni habari nyingine kabisa. Unaleta ladha nyingi na uchungu wake. Ule wa kusaga na maganda ni mweusi-kijivu, una uchungu unaobaki ulimini. Ulioondolewa maganda kwa kulowekwa na kusuguliwa ni wa rangi ya mchanga mwepesi na upole zaidi. Ukiukaanga, simama hapo hapo. Punje zikianza kurukaruka na kugeuka rangi ya dhahabu, toa motoni na umwage kwenye sinia baridi, kwa sababu sufuria ya moto huendelea kuukaanga hata baada ya kuepua. Kama mbadala wa karanga naanza na theluthi mbili ya kipimo, naonja, kisha naongeza. Ufuta unapenda kitu kichachu. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi husaga karanga na simsim, yaani ufuta, pamoja kupata odii, wakaitia kwenye malakwang, mboga ya majani yenye uchachu wa asili. Anayetaka kujifunza namna mbegu mbili zinavyosaidiana aanzie pale: karanga inatoa mwili, ufuta unatoa harufu, majani yanakata mafuta ya zote mbili. Kwa mchicha usio na uchachu, tia nyanya zaidi au kamua ndimu mwishoni.

Alizeti ya Singida na Dodoma ni rahisi kupata na bei yake ni nafuu, na ikisagwa baada ya kubanguliwa na kukaangwa kidogo inakaribia karanga kuliko watu wanavyodhani. Ina mshangao mmoja kwenye biskuti na keki. Ndani ya mbegu mna kemikali iitwayo asidi ya klorojeniki, ambayo ikikutana na magadi soda hugeuka kijani. Biskuti zinatoka tanurini kahawia, kesho yake ukizivunja ndani ni kijani. Hazijaharibika na zinalika. Kama ni za wageni, punguza magadi soda na utie kijiko kidogo cha maji ya ndimu kwenye kinyunga.

Na kwa vitu vya kuoka, pima kwa mizani. Kikombe cha karanga za kusaga na kikombe cha korosho ya kusaga havina uzito mmoja, na unga hautakusamehe. Usijaribu pia kuondoa siagi ya maziwa yote ukaweka karanga. Siagi ni mafuta kwa sehemu nne kati ya tano. Karanga ni nusu tu, iliyobaki ni protini na chenga zinazokunywa maji. Badilisha nusu, ongeza maziwa kidogo, keki itapanda.

Lozi nitazipitia haraka: ni ghali, na zikisagwa huwa kavu na zenye chenga, kwa hiyo ni afadhali zibaki kwenye halua na vitumbua vya sikukuu. Mbegu za maboga zilizotwangwa ni nzuri sana kwenye mboga za majani, nzito, zenye ladha ya msituni, ila rangi ya mchuzi itakuwa ya kijani iliyofifia. Njugu mawe, pamoja na jina lake, haziingii kabisa katika orodha hii. Mafuta yake ni machache mno, wanga ni mwingi, na ukizisaga kama karanga utapata uji wa kunde. Zipike kama maharage, huko ndiko zinakong'ara.

Mboga ikishaiva, ipime mara ya mwisho kwa upawa. Chota, inua, acha imwagike. Ikimwagika kwa mkanda usiokatika na kuacha utando mwembamba kwenye upawa, uzito umefika. Ikidondoka kwa mabonge, tia maji ya moto, kamwe usitie ya baridi, kwani mafuta yatajitenga. Kisha onja tena chumvi, kwa sababu mafuta ya mbegu huificha, na mboga iliyokuwa sawa kabla ya karanga huwa imepwaya baada yake.

Kama unabadilisha kwa sababu kuna mtu mwenye mzio wa karanga, sheria zote hizo zinarudi nyuma. Mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika pia na korosho au lozi, na ufuta nao ni hatari kwa baadhi ya watu kiasi kwamba tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya Marekani inalazimisha utajwe kwenye vifungashio vya chakula. Mashine ya sokoni iliyosaga karanga asubuhi haiwezi kumsagia mtu huyo alizeti mchana. Muulize mwenyewe, au mama yake kama ni mtoto, anaweza kula mbegu ipi, na usage nyumbani kwa blenda iliyooshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto.